Mwanafunzi wa Bandiagara



Jioni moja, baada ya sala ya Isha, binti yangu anayesoma chuo cha ualimu alinijia barazani, daftari mkononi na uso ameukunja. Alikuwa ameagizwa aandike khabari za mwanafalsafa mmoja wa Kiafrika, naye kila kitabu alichokifungua kilimpa majina ya mapadri, au ya watu waliosomea Ulaya, au ya wakuu wa dola waliotunga vitabu baada ya nchi zao kupata uhuru. Akakaa juu ya mkeka, akaniuliza: "Baba, kwani sisi Waislamu wa Afrika hatukuwa na mtu wa kufikiri?"

Swali lile lilinichoma, wala sikumjibu papo hapo. Niliinuka, nikaingia ndani, nikamtolea kabatini kitabu kimoja nilichokinunua miaka mingi nyuma, kimefasiriwa kwa Kiingereza kutoka Kifaransa. Nikamwambia, "Msome huyu. Ni mtu wa Mali, jina lake Amadou Hampâté Bâ." Akakigeuza huku na huku, akasoma jalada, akasema, "Lakini, baba, kitabu hiki hakimhusu yeye, kinamhusu mwalimu wake." Nikamwambia, "Basi hapo ndipo pa kuanzia."

Haya niliyomweleza usiku ule nimeona niyaandike, maana huenda katika nyumba nyingine pia wako vijana wanaouliza swali hilo na wazee wanaokosa la kujibu. Na mwishoni nitaeleza jambo la nyumbani kwetu ambalo usiku ule sikuwa na moyo wa kulitamka.

Amadou Hampâté Bâ alizaliwa Bandiagara, katika nchi ya majabali ya Wadogon, mwaka 1900 au 1901. Kabila lake ni Mfulani. Miaka 40 hivi kabla yake, yaani mwaka 1862, Al-Haji Umar Tall alikuwa ameiteka dola ya Wafulani wa Masina, Waislamu kwa Waislamu, na damu nyingi ilimwagika. Baba yake Amadou alikuwa wa upande ulioshindwa, na jamaa wa mama yake walikuwa wafuasi wa upande ulioshinda. Mtoto huyu basi alizaliwa na pande mbili zilizopigana, akanyonya khabari za wote wawili. Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Mama yake, Bibi Kadija, mwanamke mwenye akili na moyo mgumu kama chuma, akaolewa na chifu mmoja wa Kitukulori aitwaye Tidjani Thiam, naye akamfanya Amadou mwanawe. Chifu huyo aliondolewa katika kiti chake na Wafaransa akapelekwa uhamishoni, na familia ikamfuata huko.

Nyumba ya Tidjani ilikuwa nyumba ya watu. Usiku walikusanyika wasimulizi, washairi na wajuzi wa nasaba, na watoto hawakufukuzwa, ila walitakiwa wakae kimya wasikilize. Mmoja wa wasimulizi hao aliitwa Koullel. Amadou alimganda hata watu wakampa jina la Amkoullel, yaani Koullel mdogo. Katika utu uzima wake alisema mara nyingi kwamba pale, kabla hajashika kalamu, ndipo alipojifunza kuihifadhi khabari na kuirudisha kama alivyoipokea, bila ya kuongeza wala kupunguza. Sisi tuliolelewa na hadithi za bibi tunaifahamu shule hiyo, ijapokuwa wengi wetu tumeifunga mlango.

Chuoni kwake kwa Kurani alikabidhiwa kwa Tierno Bokar. Neno "tierno" kwa Kifulani ni maalimu. Alikuwa wa ukoo wa Al-Haji Umar mwenyewe, walakini hakutaka kiti wala fahari. Maisha yake yote yalikuwa kati ya nyumba yake, chuo chake na msikiti. Na kwa kuwa watu wengi wa Bandiagara hawakujua Kiarabu, alibuni njia ya kuwafundisha tauhidi na nguzo za dini kwa Kifulani, akichora nukta na mistari mchangani, ili hata mchungaji wa ng'ombe asiyejua alifu kwa kijiti, na mwanamke aliye kinuni anatwanga mawele, waweze kuyatia moyoni. Msomaji wa Kiswahili hawezi kuyasoma hayo asimkumbuke Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye katika miaka ile ile ya 1930 alikuwa akitoa magazeti yake, Sahifa na baadaye al-Islah, akiwaeleza watu mambo ya dini na dunia kwa lugha wanayoiota usingizini. Hawakujuana wawili hao. Haja ilikuwa moja.

Iko hadithi moja ya chuo kile ambayo binti yangu aliisoma mara mbili. Siku moja maalimu alikuwa akisomesha, mara kinda la mbayuwayu likaanguka kutoka katika kiota kilichokuwa darini. Likawa linalia chini, wala hakuna mwanafunzi aliyelijali, kila mmoja macho yake yako kwa maalimu na masikio yako katika darsa. Tierno Bokar akakata darsa. Akaliokota kinda, akakitazama kiota, akaona kimepasuka, akakitengeneza kwa mkono wake, akalirudisha kinda kwa mama yake. Kisha akakaa, akawageukia wanafunzi, na wala hakuwasifu kwa utulivu wao. Aliwakemea. Akawaambia kwamba mtu anayeweza kumsikia kiumbe mnyonge analia asishtuke, hata akiwa amehifadhi vitabu vyote vya dini, elimu yake hiyo ni mzigo asiojua kuutumia. Nami nikakumbuka vyuo vyetu nilivyosoma utotoni, ambavyo kuigeuza shingo tu kulikuwa kosa la bakora.

Hata ulipofika mwaka 1912, serikali ya Wafaransa ilitaka watoto wa watu wenye jina wapelekwe shule ya serikali, na Amadou akachukuliwa kwa nguvu. Kwa Waislamu wa wakati ule shule ya Mzungu ilikuwa njia ya kumtoa mtoto katika dini. Mama yake alitaka kumkomboa kwa mali. Wazee wetu wa pwani nao walikuwa na khofu hiyo hiyo, na wako waliowaficha watoto wao wasionekane na watu wa shule. Lakini Tierno Bokar alimzuia Bibi Kadija. Alimwambia amwache mtoto aende, asijitie kati ya mtoto na Mola wake, kwani huenda Mwenyezi Mungu amemkusudia jambo kwa njia hiyo.

Tafadhali msomaji lizingatie neno hili. Maalimu wa chuo, mtu ambaye mwanafunzi ndiye jaha yake, alimtoa mwanafunzi wake bora kwa mikono miwili akampeleka shule ya watu waliokuwa wanamdharau yeye na elimu yake. Lau angalimficha, leo dunia isingalijua hata jina la Tierno Bokar, maana lugha ile na kalamu ile iliyopatikana shuleni ndiyo iliyokuja kuliandika.

Mambo ya shule nitayapita upesi. Alisoma Bandiagara, akapelekwa Djenné, akatoroka huko mwaka 1915 kumfuata mama yake, akarudi kusoma kwa hiari yake mwenyewe. Mwaka 1921 alichaguliwa kwenda katika chuo kikubwa cha ualimu cha Gorée, kule Senegali, ambako walitoka mawaziri na marais wengi wa baadaye. Mama yake alikataa, naye akamtii mama yake. Gavana alighadhibika, akamwadhibu kwa kumpeleka Ouagadougou, katika nchi iitwayo leo Burkina Faso, awe karani wa muda ambaye kazi yake haina dhamana na aweza kuondolewa saa yoyote. Safari ile ilikuwa ya mamia ya maili, naye sehemu kubwa yake aliikata kwa miguu. Alikaa katika ukarani wa serikali kwa miaka 20 hivi. Kijana aliyeikosa Gorée kwa ajili ya kumtii mama angeweza kulia maisha yake yote kwamba bahati imempita. Huyu alizunguka katika wilaya na daftari lake, na kila alipofika aliwatafuta wazee, akauliza, akaandika.

Mwaka 1933 aliomba likizo ndefu. Hakwenda kustarehe. Alirudi Bandiagara kukaa miguuni pa mwalimu wake, akiwa sasa mtu mzima mwenye mke na watoto, akisikiliza mchana na usiku na kuyaandika aliyoyasikia. Kazi hiyo isingaliweza kungoja, kwa sababu ya mambo yaliyofuata.

Watu wa Bandiagara walikuwa wa twarika ya Tijaniyya, ambayo huku kwetu haikuenea kama Qadiriyya na Shadhiliyya. Katika uradi wao mna dua moja iitwayo Jawharatul Kamal. Wako walioisoma mara 11, na wako walioisoma mara 12. Ukoo wa Al-Haji Umar ulishika 12. Katika mji wa Nioro alikuwako sheikh mmoja mchamungu, Sharifu Hamallah, aliyeshika 11 akisema kwamba hiyo ndiyo asili iliyoachwa na mwanzilishi wa twarika. Mtu wa nje akilisikia jambo hili atacheka, lakini sisi tusicheke haraka. Juu ya punje moja ya tasbihi ndugu walikatana, na serikali ya Wafaransa, iliyomwonea shaka Sharifu kwa kuwa hakuwa akijipendekeza kwake, ikatia kuni katika moto ule. Walimhamisha mara ya kwanza mwaka 1925, wakamrudisha mwaka 1936. Mwaka 1940 baadhi ya wafuasi wake walipigana na watu wa makabila mengine, na watu wengi wakauawa. Mwaka 1941 wakamchukua tena, safari hii wakamvusha bahari, naye akafa Ufaransa mwaka 1943. Kaburi lake liko Montluçon, mbali na kila mtu aliyemjua.

Tierno Bokar alikwenda Nioro mwaka 1937 kumtazama mtu huyu kwa macho yake mwenyewe. Alikaa naye, akamchunguza, akaridhika kwamba ndiye mwenye haki ya kuongoza, akarudi Bandiagara anasoma 11. Kwa mtu wa ukoo wa Tall, hilo lilihesabiwa kuwa ni uhaini. Jamaa walikata mguu nyumbani kwake. Wanafunzi wakatawanyika, chuo kikawa kitupu. Hata miaka mitatu haikutimia akafariki, katika upweke, katika mji ule ule ambao watu wake wengi walikuwa wamejifunza sura zao za kwanza mbele yake. Na katika taabu hiyo yote hakusema neno la chuki juu ya walioshika 12. Alikuwa akisema kuwa namba zote mbili ni njema, na kwamba ugomvi ndio mbaya.

Amadou naye alitiwa katika daftari la washukiwa, kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa mtu yule. Aliyemwokoa ni Théodore Monod, mtaalamu wa Kifaransa, Mkristo aliyeijua dini yake, mkuu wa taasisi ya serikali ya uchunguzi wa Afrika iliyokuwa Dakar. Mwaka 1942 alimwomba ahamishiwe kwake. Tangu hapo kazi iliyokuwa ya siri ikawa kazi ya mshahara. Alizunguka nchi kwa nchi akikusanya. Mwaka 1955, pamoja na Jacques Daget, alitoa kitabu cha historia ya dola ya Masina kilichotokana na vinywa vya wazee. Mwaka 1957, pamoja na ofisa mmoja Mfaransa aitwaye Marcel Cardaire, alitoa kitabu cha kwanza cha maisha na mafundisho ya Tierno Bokar. Baadaye, mwaka 1980, alikiandika upya peke yake, na hicho ndicho kilichofasiriwa, na ndicho kilichotengenezewa mchezo wa jukwaani na Peter Brook mwaka 2004.

Sitaki kumfanya malaika. Wako wataalamu wanaosema kwamba katika miaka ya 1950 serikali ya Wafaransa iliyapenda mafunzo yale ya dini kwa Kifulani kwa sababu zake yenyewe: ilitaka kuyatumia kuwazuia vijana waliokuwa wamerudi kutoka Misri na Hijazi wakafungua shule za Kiarabu. Cardaire mwenyewe alikuwa ofisa wa mambo ya Waislamu, na kazi yake ilikuwa kuwachungua. Lawama hiyo ina ukweli wake, wala sioni faida ya kuificha. Karani wa mkoloni hawezi kutembea miaka 20 katika matope asichafuke hata ukucha. Mimi naona hivi: wao walitaka kulitumia neno la maalimu kwa siasa ya mwaka mmoja, na yeye alitaka litoke katika kitabu likae. Siasa ile imekufa. Kitabu kingali kinasomwa.

Wako pia wanafalsafa wa vyuo vikuu, na Paulin Hountondji wa Benin alikuwa mmoja wao, waliosema kwamba kukusanya hekima za wazee si falsafa, kwani falsafa ni mtu mmoja anayesimama kwa jina lake akatoa hoja zake na kuhojiwa. Binti yangu alilileta jambo hili kesho yake, maana mwalimu wao huenda angemkatalia. Nilimwambia aandike kwamba Tierno Bokar alisimama kwa jina lake, akatoa hoja yake, akahojiwa mpaka akafa.

Na hoja yenyewe ni ipi? Mojawapo ni hii, nami naieleza kwa maneno yangu. Maalimu alikuwa akifundisha kwamba kuna kweli tatu: iko kweli yangu, iko kweli yako, na iko Kweli. Kweli yangu na kweli yako ni kama miezi miwili miandamo, kila mmoja ukingo tu wa nuru, mmoja upande huu na mmoja upande ule. Kweli yenyewe ni mwezi mpevu ulio kati yao. Watu wawili wanapobishana, kila mmoja akatazama ukingo wake tu, huutupa mgongo mwezi mzima. Wakiacha kutazamana kwa chuki, wakageuka wote wawili kuitazama ile nuru ya kati, huona kwamba kila mmoja alikuwa ameshika kipande chake.

Nilipofika katika ukurasa huo mara ya kwanza, nilikifunga kitabu, nikakaa nacho mapajani muda mrefu. Na hili ndilo jambo la nyumbani kwetu nililolitaja.

Nilipokuwa na umri wa miaka 14, mwezi wa Idi ulitangazwa katika redio kwamba umeonekana mahali pengine. Baba yangu aliufuata. Ami yangu, mkubwa wake kwa miaka mitatu, alisema hafungui mpaka uonekane kwetu. Nyumba zetu zilitengwa na ua wa makuti tu. Siku ile sisi tulipika pilau, na harufu ikapita uani kwenda kwa watu waliofunga. Watoto wa ami walikuja kuchungulia, mama akawapa sahani, wakala. Ami alipojua alitoka akasimama mlangoni petu, akamwambia baba kuwa amewalisha wanawe mchana wa Ramadhani. Baba alimjibu kuwa yeye ndiye anayewafungisha watoto siku ya Idi, siku iliyoharimishwa kufunga. Kila mmoja alikuwa na hoja, na hoja zote mbili zimo vitabuni. Sitayaandika yaliyosemwa baada ya hapo.

Hawakusemezana miaka tisa. Ami alipofariki, baba alikwenda katika maziko kama watu wengine wa mji, akasimama safu ya nyuma kabisa, wala hakuna aliyethubutu kumwita mbele. Usiku ule nilimsikia akitembea chumbani mpaka alfajiri. Kwa miaka 18 aliyoishi baada ya hapo, kila mwezi mwandamo ulipotafutwa, alikuwa akiingia ndani, hataki kuulizwa umeonekana au haukuonekana.

Sasa nirudi Mali. Nchi ile ilipopata uhuru mwaka 1960, Hampâté Bâ alikuwa katika ujumbe wake kwenye shirika la Unesco mjini Paris. Huko ndiko alikotoa lile neno linalorudiwa hata leo na watu wasiojua limetoka wapi, kwamba kwake yeye kila mzee wa Kiafrika anapofariki na elimu yake kichwani ni sawa na maktaba nzima iliyoteketea kwa moto. Hakulisema kuwapamba wazee. Alikuwa akiomba fedha na watu wa kwenda kuandika, upesi, kabla hawajaisha. Alikuwa katika halmashauri kuu ya shirika hilo tangu mwaka 1962 hata 1970, na mwaka 1966 alishiriki katika mkutano wa Bamako uliopatanisha namna ya kuziandika lugha kadhaa za Afrika ya Magharibi kwa herufi za namna moja. Mwaka 1973 alitoa hadithi ya mkalimani mmoja mjanja aitwaye Wangrin, aliyewala Wafaransa na wenyeji kwa ulimi wake, nayo ikapata tuzo kubwa ya fasihi mwaka uliofuata. Alifariki Abidjan mwezi wa Mei 1991, na katika mwaka ule ule kikatoka kitabu cha utoto wake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Maisha yake yote alijiita mwanafunzi wa Tierno Bokar, hata alipokuwa na nywele nyeupe na wakuu wa dola wanamsimamia akiingia.

Binti yangu alikuwa ameyaandika hayo yote kwa mpango mzuri, akapata alama njema. Lakini baada ya wiki mbili alinijia tena. Alisema, "Baba, Bibi Mkubwa ana miaka mingapi?" Nilijua anakokwenda. Bibi Mkubwa ni shangazi yangu, dada mkubwa wa ami na wa baba, naye umri wake umepindukia miaka 90. Macho yake yamefifia, lakini ulimi haukufifia. Katika watu wa rika lake waliomjua babu yangu, aliyekuwa maalimu wa chuo katika mji wetu, amebaki yeye peke yake. Na mimi, niliyekwisha kusoma neno la Hampâté Bâ, nikalipigia mstari kwa wino mwekundu na kulitaja katika hotuba za harusi, nilikuwa sijamwuliza shangazi yangu hata mara moja chochote kilichozidi khabari za afya yake.

Tulikwenda Ijumaa, baada ya sala. Binti yangu aliweka simu yake juu ya kigoda ili inase sauti, akafungua daftari, akaanza kumwuliza khabari za chuo cha babu: walisoma vitabu gani, wanafunzi walitoka wapi, ada ilikuwa nini. Shangazi alijibu yote, huku akicheka kwa kupata msikilizaji. Kisha binti yangu akamwuliza, bila ya mimi kumfunza, "Bibi, na mambo ya mwezi, babu alikuwa akifanyaje?"

Mimi nilitazama chini.

"Mambo ya mwezi?" shangazi akasema. "Mwaka mmoja aliuona peke yake. Alikuwa ametoka mtumbwini, magharibi, akauona mwembamba kama uzi. Akaenda kutoa ushahidi, hawakumkubali, maana alikuwa mmoja na mawingu yalikuwa mengi. Akarudi. Kesho yake asubuhi akaniita chumbani, akaniambia, mwanangu niletee tende tatu na maji, na usimwambie mtu. Mimi ndiye niliyempelekea, nilikuwa mdogo hivi. Akala, akafuta mdomo, akatoka akakaa na watu barazani mchana kutwa kama aliyefunga. Magharibi akafuturu nao. Siku ya pili wakasali Idi, na yeye ndiye aliyewasalisha."

Nilimwuliza, "Shangazi, baba na ami walikuwa wanalijua jambo hili?"

"Wangelijulia wapi? Ami yako alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na baba yako hajazaliwa."

"Na wewe katika miaka ile tisa hukuwaambia?"

Akanigeuzia macho yake yaliyofifia. "Nimeambiwa nisimwambie mtu," akasema. Kisha, baada ya kitambo, "Na wala hakuna aliyeniuliza."

Binti yangu alikuwa ameinamia daftari, anaandika. Akafungua ukurasa mpya, akamwuliza mvua ya mwaka ule ilikuwaje, ili apate kuujua mwaka.